Kufundwa Bila Harusi

Kiswahili cha Dar es Salaam kina jina la ndoa isiyo na shehe, padri wala cheti: sogea tuishi. Jina lenyewe ni la mzaha, lakini ndani ya mzaha mna hesabu. Mtu amepanga chumba kimoja Buguruni au Mchikichini, kitanda kimegusa kuta mbili, na mwenzake kaja na begi. Hakuna pa kuweka kitanda cha pili. Kinachowezekana ni kusogea. Miezi inapita, mimba inaingia, mtoto anazaliwa, na mtaa mzima unawaita Baba Fulani na Mama Fulani. Kodi wanalipa pamoja, madeni wanayakimbia pamoja. Ila ukimuuliza mmoja wao kama ameoa au ameolewa, atacheka kidogo kabla ya kujibu: "Bado hatujajipanga." Wapo wasiosema mume wala mke. Wanasema "mzazi mwenzangu," na neno hilo linawatosha.

Je, watu hawa wafundishwe ndoa? Wafundishwe na nani, na kwa haki gani?

Nauliza kwa sababu jibu letu la haraka tunalijua wote. Ikizungumzwa habari ya baba waliokimbia watoto, au foleni ya akina mama wanaodai matunzo katika ofisi za ustawi wa jamii, haichukui dakika tano kabla mtu hajasema: "Vijana hawafundwi siku hizi." Anasema shehe, anasema mchungaji, anasema mtangazaji wa redio, na sisi tunaoandika tunasema vilevile. Hukumu hiyo huwaangukia zaidi maskini, kwa kuwa ugomvi wa maskini unasikika. Nyumba yenye geti na kiyoyozi hugombana kimyakimya.

Tuanze na ukweli mmoja ambao hukumu hiyo inausahau. Katika mji huu mtu hafundwi kwa sababu anaishi na mwenzake, hufundwa kwa sababu anafanyiwa harusi. Zamani mwali wa Kizaramo aliwekwa ndani alipovunja ungo, akakabidhiwa kwa wakubwa, akatoka akiwa amefunzwa hata kama mchumba hajaonekana. Kidogo kidogo mafunzo yale yakasogezwa yakaegemezwa kwenye harusi. Leo kungwi anaitwa kwenye kitchen party, ukumbini, penye mapambo, vyombo vya zawadi na MC. Kanisani mafundisho ya ndoa ni ya wachumba waliokwisha kuandikisha majina yao. Msikitini nasaha hutolewa siku ya kufunga ndoa. Yote haya yana kiingilio, na kiingilio ni harusi. Na harusi ya Dar, hata ile tunayoiita ya kawaida, ina kamati, kadi za mchango, sare, ukumbi na gari la kukodi.

Kwa hiyo elimu ya ndoa imekuwa kama keki: hukatwa siku ya sherehe, na ambaye hakuwa na sherehe hali. Yule binti aliyehamia na begi hakufundwa na mtu. Si kwamba alikataa. Hakukuwa na siku ya kumfunda.

Na wanaofundwa, wanafundwa nini? Desturi ya kumwandikia binti mausia ni ya zamani katika fasihi yetu. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi ambao mpaka leo unasomwa na kuchambuliwa. Ndani yake anamfundisha dini, adabu, na kwa kirefu sana namna ya kukaa na mume: kumtii, kumpamba, kutomsumbua. Ni kazi ya mama anayempenda mwanawe na anayejua hatakuwepo kumlinda. Lakini ni mausia ya nyumba ya watu wenye nafasi, na ni mausia ya upande mmoja. Shaaban Robert, karibu karne moja baadaye, alimwandikia binti yake utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Adili. Yeye aliona watoto wote wawili wana la kufunzwa. Ukisikiliza yanayosemwa kwenye kumbi zetu za kitchen party, utagundua kwamba tumerithi zaidi nusu ya kwanza: vumilia, mpikie, usimjibu, usiende kwenu kila siku, siri ya nyumba usiitoe nje. Kijana wa kiume hana ukumbi wake. Jando limehamia hospitali, na hospitali mtu hupewa dawa ya maumivu. Mafunzo hapewi.

Sasa tuwasikilize wazazi wenyewe. Ukikaa Kariakoo, kando ya Mtaa wa Kongo au upande wa Gerezani, pale akina mama ntilie wanapoosha sahani na mawinga wanapovizia wateja wa fremu za watu, ukataja habari ya semina ya ndoa, utasikia majibu ambayo hayafanani na yale tunayowadhania. Watu hawaidharau ndoa. Wengi wanaiheshimu mno. Wanaiona kama nyumba ya tofali ambayo mtu haingii mpaka bati liezekwe: kwanza mtaji ukae sawa, kwanza tutoke chumba kimoja, kwanza niwapelekee wakwe zangu kitu cha maana. Wanaahirisha kitu wanachokithamini, na katika kuahirisha wanazaa watoto wawili.

Kuhusu elimu yenyewe, jibu la kwanza ni la tumbo. "Nifundishwe mapenzi na njaa hii?" Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na hapa methali hiyo ina uzito wake. Fikiria winga ambaye leo hakuuza. Yeye hana duka. Anamshika mteja mkono, anamtafutia kiatu, anaweka cha juu, na cha juu ndiyo mshahara wake. Siku isipopatikana cha juu, hakuna hela ya kuacha mezani asubuhi. Anaona aibu kurudi mapema, anakaa kijiweni mpaka watoto walale. Nyumbani mama watoto anahesabu saa na kujenga picha ya mwanamke mwingine. Yeye naye, ili watoto wale, amekopa kwenye mikopo ile ya kausha damu, yenye marejesho ya kila siku, na hakusema. Siku wakusanyaji watakapobisha hodi, baba atapata habari ya deni na habari ya siri kwa pamoja. Ugomvi utakaofuata utasikika mpaka nyumba ya tatu, na majirani watasema hawakufundwa.

Jibu la pili linamhusu mwalimu. "Huyo anayefundisha, kwake kukoje?" Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aliyelala vyumba vitatu akija kuwafundisha waliolala chumba kimoja na watoto wao namna ya kupata faragha, watamsikiliza kwa adabu, watakunywa soda yake, wataondoka. Jibu la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linasemwa kwa sauti ya chini: "Mimi nitaendaje, wakati sijaolewa?" Mama wa watoto watatu, aliyeishi na mtu yuleyule miaka minane, anaona mlango wa darasa la ndoa si wake.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Marekani, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2005 na kutiwa saini mwanzoni mwa 2006, serikali ilitenga dola milioni 150 kila mwaka kwa programu za kuimarisha ndoa na ubaba, na sehemu kubwa ililengwa kwa wenye kipato cha chini. Programu moja kubwa, Building Strong Families, iliwapokea wazazi wasiooana waliokuwa wanatarajia mtoto au wamejifungua karibuni, ikawafundisha mawasiliano na namna ya kugombana bila kuumizana. Watafiti waliwafuatilia katika maeneo minane. Baada ya miaka mitatu waliofundishwa hawakuwa wameoana zaidi, wala hawakuwa pamoja zaidi, kuliko ambao hawakufundishwa. Mji uliojitokeza kuwa na matokeo ya kutia moyo ulikuwa Oklahoma City. Wakati huohuo Kathryn Edin na Maria Kefalas walichapisha kitabu, mwaka 2005, baada ya kuishi na kuzungumza na akina mama maskini wa Philadelphia na vitongoji vyake. Walichokikuta kingeeleweka vizuri Buguruni: wanawake wale hawakuikataa ndoa, waliiweka juu mno, wakaisubiri mpaka maisha yakae sawa.

Mtu anaweza kusoma habari hizo akahitimisha kwamba mjadala umekwisha: wape watu kazi na nyumba, mambo ya ndoa waachie wenyewe. Hitimisho hilo lina huruma, na mimi nalikataa.

Nalikataa kwanza kwa sababu linamfanya maskini kuwa tumbo tupu. Mwenye uwezo akigombana na mkewe anatafuta mshauri, anazungumza na mchungaji, anasoma kitabu, na hatuoni ajabu. Maskini akigombana tunasema shida yake ni hela tu, kana kwamba yeye hana moyo unaoweza kufunzwa. Njaa inaeleza kwa nini baba kachelewa kurudi. Haielezi kwa nini anaporudi anapiga. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015 hadi 2016, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume nchini walikubali kwamba kuna sababu moja au nyingine inayomhalalisha mume kumpiga mkewe. Angalia vizuri: wanawake ni wengi kuliko wanaume. Huko hakukufika kwa njaa. Huko kulifika kwa kufundwa. Kuna mtu aliwafundisha, kwa maneno au kwa kunyamaza, na kilichofundishwa huondolewa kwa kufundisha kingine.

Nalikataa pia kwa sababu kuna elimu ambayo maskini ananyimwa na inamgharimu mali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kumpiga. Kifungu cha 160 kinazungumza moja kwa moja na watu wa sogea tuishi: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na watu kuwa mume na mke, sheria itawadhania kuwa wameoana. Mitaani maneno haya yamegeuka kuwa "ukikaa naye miaka miwili tayari we ni mke." Siyo hivyo. Ni dhana, na dhana huvunjwa kwa ushahidi. Ndugu wa marehemu wanaweza kusimama mahakamani wakasema huyu alikuwa hawara tu, na mwanamke aliyeuza maandazi kwa miaka tisa kununua kiwanja cha Chanika akajikuta anatafuta mashahidi wa mapenzi yake. Kifungu hichohicho kinamruhusu, hata dhana ikivunjika, kuomba matunzo yake na ya watoto. Wangapi wanajua?

Vivyo hivyo kuhusu kazi ya nyumbani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo mwingine, lakini mlango ulifunguliwa kwa waliokuja nyuma yake. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado unasikia mtu akimwambia mwenzake: "Ulichangia nini humu?" Mwanamke anayeambiwa hivyo hana cha kujibu kwa sababu somo lake lilikuwa la kukatika kiuno na kupika biriani. Hayo si mabaya. Hayatoshi.

Serikali nayo hukutana na ndoa mlangoni tu, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla, wakaulizwa majina, umri na kama kuna kizuizi. Wanaotaka kuachana hupelekwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi, ambalo sheria inataka liwepo katika kata. Hapo ndipo wengi, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wanaulizwa na mtu mzima asiye ndugu: mlikuwa mnakubaliana vipi kuhusu fedha? Swali zuri, limechelewa miaka kumi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: elimu ya kuishi pamoja ni deni ambalo jamii inadaiwa na kila mzazi, na kuifunga kwenye harusi ni dhuluma. Lakini deni linaweza kulipwa kwa matusi. Ukiwachagua maskini peke yao, ukawakusanya na kuwaambia kuwa watoto wao wana hali mbaya kwa sababu wao hawajui kupendana, umewatukana, hata ukiwapa nauli ya kurudi Mbagala.

Nchi hii imewahi kufundisha watu wazima bila kuwatukana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takribani milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisoma vijitabu, wakajadili, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka majani yenye mbu. Ilifundisha jambo la aibu, maana choo ni aibu kukizungumza kama ulivyo ugomvi wa chumbani, na watu wengi walikuja. Naona sababu mbili. Somo halikuwa la watu fulani wachafu, lilikuwa la kijiji kizima, mwenyekiti akiwemo. Na kila kipindi kilimwachia mtu jambo la kufanya kwa mikono yake.

Hata Kariakoo yenyewe ilikuwa na darasa la namna hiyo. Zile nyumba za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi mrefu katikati, uani pamoja na choo pamoja, hazikuruhusu ugomvi wa siri. Mama mwenye nyumba au mpangaji mzee alisikia, akakohoa, kesho yake akamwita mmoja kwa kisingizio cha kuchambua mchele. Sitaki kuipamba. Mara nyingi ushauri wake ulikuwa "rudi ndani mwanangu, ndivyo walivyo," na wapo waliorudi ndani wakaumia. Lakini alikuwepo, hakuuliza cheti cha ndoa, na hakuomba mchango. Nyumba zile zimebomolewa zikaota ghorofa za maduka, wapangaji wametawanyika mpaka Gongo la Mboto, na nafasi ya yule mama haijachukuliwa na mtu.

Ingeweza kuchukuliwa wapi? Kikoba ni mahali pamoja. Kila wiki wanawake wanakaa duara, wanahesabu hisa, wanaulizana mkopo ni wa nini na nani anajua. Mazungumzo ya fedha na ndoa tayari yapo pale, yanahitaji mtu anayeijua sheria aje mara moja moja akae chini kama wengine. Vijiwe vya bodaboda na vya wapagazi ni mahali pengine, maana elimu isiyomfikia mwanamume ni kumwongezea mwanamke mzigo wa kumfundisha nyumbani. Kliniki ya wajawazito ni pa tatu, kwa kuwa pale baba na mama wasiooana wanafika kama wazazi, bila kuulizwa harusi. Hapa tahadhari inahitajika. Katika kliniki nyingi mama anayekuja na mwenza hutangulizwa kuhudumiwa, nia ikiwa kuwavuta akina baba. Nia njema, lakini aliyeachwa na mimba anabaki kwenye benchi akiwatazama waliopendwa wakipita. Elimu yoyote ya ndoa inayomgeuza asiye na mwenza kuwa mfano mbaya imeshapotea njia.

Najua pingamizi la wacha Mungu: ukiwafundisha waliosogea, umewabariki katika zinaa. Siwezi kulipuuza, kwa kuwa wanaolisema ndio waliobeba kazi ya kufunda mji huu kwa miaka mingi bila msaada wa serikali. Najibu kwa upole. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa hawezi kusubiri wazazi wake wajipange. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutunzwa na wazazi wake wote wawili, waoane wasioane. Kama haki yake haingoji cheti, mafunzo yanayomlinda nayo yasingoje. Na mtu aliyefunzwa kusema kweli kuhusu fedha zake, kunyoosha mikono yake, kuheshimu jasho la mwenzake, huyo yuko karibu zaidi na mlango wa msikiti au kanisa kuliko alipokuwa hajafunzwa.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo litakalopima kama tunafundisha au tunahubiri tu. Somo la kweli lazima liweze kumwambia mtu: hapa toka. Somo linalojua neno moja tu, vumilia, si somo, ni kufuli. Wazazi wa Kariakoo wanalijua hilo, ndiyo maana wanatutazama kwa macho nusu tukija na semina zetu. Wanataka kujua kwanza kama tumekuja kuwasaidia wao au kuisaidia ndoa.

Wewe unayesoma hapa huenda uko kwenye kamati ya harusi mwezi huu. Bajeti mmeshaipanga: ukumbi, chakula, MC, picha. Jirani yako wa chumba cha pili ana mtoto wa miezi minne na hajawahi kufundwa na mtu. Hahitaji ukumbi. Anahitaji mtu mzima anayejua mambo, jamvi, na Jumamosi moja mchana, na mwenzake awe amekaa pembeni yake akisikia yaleyale.